Laptopu ya kazi safarini: kuikagua, kuiandaa na kuitumia njiani

Laptopu za kiofisi zilizotumika, hasa ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP, zimejaa madukani Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Ni mashine nzuri. Zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeshinda barabarani na kwenye vyumba vya mikutano: bawaba ngumu, kibodi inayovumilia, na vipuri vingi unavyoweza kubadilisha kwa bisibisi moja. Lakini kabla hazijafika kwako zilikuwa mali ya kampuni, na kampuni huweka makufuli yake. Tena, mashine inayofanya kazi vizuri mezani nyumbani inaweza kukuangusha Singida saa nne usiku kwa sababu ya waya usiofaa, au kwa sababu ya namba moja ambayo hukuiandika mahali. Matatizo mengi ya njiani yangemalizwa kabla ya kuondoka, ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maandalizi.

Mfano tutakaoutumia mara nyingi ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018, kwa kuwa haina shida kuipata na ina betri mbili. Hatua ni zilezile kwa Latitude 7490 au EliteBook 840 G5. Pale zinapotofautiana tumeeleza.

Hatua ya 1: Kagua kabla fedha haijatoka mkononi

Anza na prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Jina la modeli peke yake halitoshi. T480 iliuzwa ikiwa na prosesa za kizazi cha 7 na za kizazi cha 8 ndani ya umbo lilelile. Bofya kulia alama ya Windows, chagua System, kisha soma namba. i5-8250U au i5-8350U ni kizazi cha 8. i5-7200U au i5-7300U ni cha 7, iache hata kama bei inavutia.

Pili, ingia kwenye BIOS, yaani programu ya msingi inayowasha mashine kabla ya Windows. Zima mashine kabisa, iwashe huku ukigonga F1 kwa Lenovo, F2 kwa Dell au F10 kwa HP. Ikikudai nywila, usinunue. Muuzaji atakuambia fundi ataitoa kwa dakika mbili kwa kuchomoa betri ndogo ya saa. Kwa ThinkPad hilo si kweli, kwa sababu nywila ya msimamizi huhifadhiwa kwenye chipu ambayo haihitaji umeme kukumbuka. Ukishaingia, fungua sehemu ya Security na utafute jina Absolute au Computrace. Ikionyesha Activated, mwenye mali wa kwanza huenda bado ana njia ya kuifunga mashine hiyo akiwa mbali. Ikionyesha Not Activated, haina shida.

Tatu, na hili ndilo linaloumiza watu wengi, hakikisha mashine haijasajiliwa kwenye kampuni kupitia Windows Autopilot, mfumo wa Microsoft ambao kampuni hutumia kusanidi na kusimamia laptopu zao. Usajili huo haukai kwenye diski. Microsoft hutunza alama za kipekee za vifaa vya ndani ya mashine kwenye seva zake, kwa hiyo kufuta diski na kuweka Windows upya hakuondoi chochote. Mashine itafanya kazi miezi kadhaa, siku ukiweka Windows upya ukiwa na intaneti, skrini inakukaribisha kwa jina la kampuni ya Ujerumani au Uingereza na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Hapo umekwama. Kipimo chake ni kimoja tu: mwambie muuzaji aweke Windows upya mbele yako, au aifanyie Reset, na wakati wa kuisanidi iunganishwe na hotspot ya simu yako. Ikifika hadi kuuliza kama ni ya matumizi binafsi au ya kazini, iko huru. Muuzaji anayeng'ang'ania kuisanidi bila intaneti ana sababu yake.

Nne, betri. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike:

powercfg /batteryreport

Faili iitwayo battery-report.html itatokea kwenye folda ya mtumiaji. Ifungue kwa kivinjari, utafute mistari miwili: Design Capacity, yaani ujazo ilioundwa nao, na Full Charge Capacity, yaani ujazo inaoweza kushika leo. Betri iliyoundwa kwa mWh 48,000 (yaani Wh 48; Wh ni wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) ambayo leo inashika 33,600 imebaki na asilimia 70. Hiyo inafaa kuanzia safari. Chini ya asilimia 50, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya laptopu. Kwa T480 utaona betri mbili kwenye orodha: ya ndani yenye Wh 24, na ya nje ambayo ni ya Wh 24, 48 au 72. Ya nje huchomolewa kwa vidole bila kuzima mashine, kwa sababu ya ndani huendelea kuibeba. Mtu anayesafiri sana anaweza kununua ya pili ya Wh 72 na kusahau habari ya soketi kwa siku nzima.

Mwisho wa ukaguzi: chomeka chaja kwenye kila tundu la USB-C, moja baada ya jingine, na uhakikishe yote yanachaji. T480 na ndugu zake za miaka ya 2017 hadi 2019 zenye Thunderbolt, chipu ya mawasiliano ya kasi kupitia USB-C, zilikuwa na kasoro ya programu ya chipu hiyo, ambayo huweza kuua kazi za tundu la USB-C taratibu. Lenovo ilitoa sasisho la kuirekebisha. Kama matundu bado yanafanya kazi, pakua sasisho la Thunderbolt kutoka ukurasa wa msaada wa Lenovo siku hiyohiyo. Kama limeshakufa, sasisho pekee huenda lisilifufue.

Kuna pia trei ya laini ya simu pembeni mwa laptopu nyingi za kazi. Usiilipie mpaka uone modemu kwenye Device Manager. Nyingi zina tundu tu, ndani hakuna kadi wala antena.

Hatua ya 2: Panga umeme wako

Soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja. Ukikuta 100–240V, 50/60Hz, chaja hiyo itafanya kazi nchi yoyote, kuanzia V 230 za kwetu hadi V 120 za Marekani. Hautahitaji transfoma, unahitaji plagi inayoingia ukutani basi. Kisha tafuta upande wa kutoka: 20V na 3.25A ni W 65, kiasi kinachotosha laptopu za kawaida za inchi 14. Chaja ya W 45 itaichaji taratibu ukiwa unafanya kazi. Chaja ya simu ya W 18 au 22.5 kwa kawaida haitafika popote, kwa sababu haitoi V 20 ambazo laptopu inazitaka, hata kama kichwa cha waya kinaingia.

Waya nao una kikomo. Waya wa kawaida wa USB-C hubeba ampea 3, yaani W 60 kwa V 20. Kupita hapo unahitaji waya wa ampea 5 wenye chipu ndogo kichwani inayojitambulisha kwa chaja. Mtu ananunua chaja ya W 100, anaitumia na waya aliotoa kwenye boksi la simu, halafu anailaumu chaja. Chagua waya wa mita 1.8 au 2, maana soketi za vyumba vya wageni hukaa nyuma ya kitanda. Na kama unaweza kupata wenye kichwa kilichopinda, chukua huo. Tundu la USB-C kwenye laptopu nyingi limeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, mtu akijikwaa kwenye waya ulionyooka, kinachovunjika si waya.

Kuhusu plagi: Kenya, Uganda, Falme za Kiarabu na Oman wanatumia pini tatu za bapa kama zile za Uingereza. Tanzania ni hivyohivyo, ingawa majengo ya zamani bado yana soketi za pini tatu za mviringo. Rwanda, Burundi na Kongo utakuta matundu ya mviringo ya mtindo wa Ulaya. Beba adapta moja ngumu, siyo tatu hafifu.

Tabia ya kusukuma kijiti au kofia ya peni kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, iache kabisa. Kijiti hufungua vifuniko vya usalama, pini nyembamba zinakaa kwa kulegea, na penye kulegea panatoa cheche na joto. Zaidi ya hapo umeikosa fyuzi iliyomo ndani ya plagi ya pini tatu, na umeikosa waya ya ardhini. Ule mtekenyo unaousikia ukipitisha kiganja juu ya mfuniko wa chuma wa laptopu inayochajiwa mara nyingi unatoka hapo: kichujio ndani ya chaja huvujisha umeme kidogo sana ambao ulipaswa kushuka ardhini, na sasa unapita kwako.

Umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani. Usingoje. Betri itaendelea na kazi yako, na hiyo ndiyo faida kubwa ya laptopu katika nchi zetu. Hatari iko wakati wa kurudi, kwa kuwa dakika ile volti hupanda na kushuka majumba yote yakiwasha friji na pampu kwa pamoja. Subiri dakika tano, uone taa zimetulia, ndipo uchomeke. Kwenye nyumba ya wageni inayotumia jenereta fanya hivyo kila mara wanapobadilisha.

Ukiwa ofisini kwa wiki nyingi mfululizo na chaja imechomekwa, weka kikomo cha kuchaji. Betri ya lithiamu inayokaa asilimia 100 kwenye joto la Dar au Mombasa huchakaa haraka kuliko inayokaa 80. Kwa Lenovo fungua programu ya Vantage, sehemu ya Power, uweke ianze kuchaji ikifika 75 na iache ikifika 80. Kwa Dell na HP mpangilio huo umo ndani ya BIOS, kwa majina ya Battery Charge Configuration na Battery Health Manager. Usiku wa kuamkia safari ondoa kikomo ili ijae hadi 100.

Hatua ya 3: Funga diski, na utunze namba ya tarakimu 48

Laptopu ikiibwa, hasara ya mashine ni ndogo kuliko ya yaliyomo. Nywila ya kuingilia Windows peke yake hailindi kitu: mwizi anatoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta nyingine, anasoma mikataba, picha za pasipoti na mishahara ya watu. Kinachomzuia ni kusimba diski nzima kwa BitLocker.

Kwenye Windows Pro, andika BitLocker kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua Manage BitLocker, uiwashe kwa diski C. Kwenye Home kuna mfano wake uitwao Device encryption, ulio chini ya Privacy & security. Mashine nyingi za Windows 11 huuwasha zenyewe mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila mwenye mashine kujua. Kwa hiyo angalia hata kama hukumbuki kuuwasha.

Ufunguo wa kurejesha ni namba yenye tarakimu 48. Mashine itakudai namba hiyo ukisasisha BIOS, ukibadilisha ubao mkuu, au fundi akigusa mpangilio wa TPM. Ukiwa huna, data imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha, si Kariakoo wala Marekani. Fanya hivi:

1. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: nayo itakuonyesha tarakimu zote 48 pamoja na kitambulisho cha ufunguo.
2. Ziandike kwa mkono kwenye karatasi mbili. Moja ibaki nyumbani. Nyingine iende kwenye begi la nguo, kamwe isiwe kwenye begi la laptopu.
3. Ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa simu yako na uhakikishe kitambulisho unachokiona kule ni kilekile cha kwenye mashine. Watu wengi wana ufunguo wa mashine ya zamani na wanadhani wako salama.
4. Kabla ya kusasisha BIOS, bofya Suspend protection kwanza. Itajirudisha mashine ikiwaka upya.

Kama laptopu ni ya mwajiri, ufunguo uko kwa idara ya teknolojia. Waulize kabla ya kuondoka nani atapokea simu yako Jumamosi jioni.

Hatua ya 4: Siku mbili kabla ya kuondoka

Sasisho za Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa saa zetu ni usiku. Zimalize siku mbili kabla, washa mashine upya, uitumie kutwa nzima. Asubuhi ya safari usisasishe chochote. Kumbuka pia kwamba Shut down ya kawaida kwenye Windows haizimi kila kitu, kwa sababu ya Fast Startup, mpangilio wa kuharakisha kuwaka. Anayetaka mashine ianze upya kweli achague Restart.

Nakili kazi zako kwenye diski ya nje au SSD ndogo, na diski hiyo isafiri kwenye begi jingine. Faili utakazozihitaji kwenye mkutano ziwe ndani ya mashine yenyewe: kwenye OneDrive bofya kulia folda, uchague Always keep on this device. Alama ya wingu kando ya faili maana yake faili haipo, unaona jina lake tu, na utagundua hilo uko Mtwara na mtandao ni wa kubahatisha.

Andika namba ya utambulisho ya mashine, ile iliyobandikwa chini, pamoja na modeli. Piga picha ya risiti. Anayepita forodha na mashine mbili, au anayetoka Unguja kuja bara na mashine inayong'aa, ataulizwa maswali mafupi zaidi akiwa na risiti au barua ya mwajiri.

Hatua ya 5: Lala au zima? Tumia Hibernate

Hili ni dogo kuandika lakini ndilo linaloharibu safari nyingi. Ukifunika laptopu, kwa kawaida inaingia Sleep. Laptopu za siku hizi zikiwa Sleep hazilali sawasawa. Huamka zenyewe kuvuta barua pepe na masasisho, feni haina pa kutolea hewa ndani ya begi, na ukifika Dodoma unatoa mashine ya moto yenye betri asilimia 12. Kujua kama yako ni ya aina hiyo andika powercfg /a, ukiona S0 Low Power Idle, ndiyo hiyo.

Hibernate huandika kila ulichofungua kwenye diski na kuzima umeme. Ukiiwasha, kazi yako iko palepale. Kwenye Command Prompt ya msimamizi andika powercfg /hibernate on. Kisha Control Panel, Power Options, Choose what closing the lid does, uweke Hibernate kwa betri na kwa chaja. Kabla ya kuitia begini subiri taa ya kitufe cha kuwashia izime. Kama sekunde kumi hivi, zaidi kidogo kwa mashine yenye RAM kubwa.

Njiani

Kwenye basi, laptopu ikae miguuni au mapajani, isiwe juu kwenye rafu wala buti la chini. Rafuni inagongana na kila kitu kwenye matuta, na hutamwona anayeshuka nayo Chalinze. Gari likisimama kwenye foleni mjini, kaa mbali na dirisha lililo wazi. Matundu ya USB ya kwenye viti vya basi ni ya simu, usitegemee kuchajia kompyuta. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani, humo ndani joto hupita nyuzi 50 wakati laptopu nyingi zimeundwa kufanya kazi hadi nyuzi 35.

Kwenye boti kaa ndani. Mnyunyizo wa maji ya chumvi ukiingia kwenye matundu huacha kutu ya kijani ambayo haionekani kwa wiki kadhaa, halafu siku moja tundu la HDMI linagoma. Na ukitoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi kikali kuingia joto la pwani, acha mashine begini nusu saa kabla ya kuiwasha. Unyevu huganda juu ya chuma baridi, na ndani vilevile.

Kwenye ndege kanuni ya betri ni ya Wh, siyo mAh. Hadi Wh 100 unabeba bila kibali. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika, na zisizidi mbili za akiba. Juu ya 160 haziruhusiwi kwa abiria. Betri za akiba na pawabenki lazima ziwe kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloshuka chini, kwa sababu moto wa lithiamu ndani ya chumba cha abiria unaonekana na kuzimwa. Hesabu ni rahisi: pawabenki ya mAh 20,000 ni Ah 20 mara V 3.7, sawa na Wh 74. Betri mbili za T480, Wh 72 na Wh 24, huhesabiwa kila moja peke yake, hivyo zote zinapita. Betri ya akiba ifunike vidole vya chuma kwa selotepu au uitie kwenye mfuko wake wa plastiki. Maandishi ya Wh yakiwa yamefutika, afisa ana haki ya kuichukua. Mashirika mengine ni makali zaidi: Emirates, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, wanaruhusu pawabenki moja tu isiyozidi Wh 100, na huwezi kuitumia ukiwa hewani.

Fika kwenye ukaguzi na chaji ya kutosha. Unaweza kuambiwa uiwashe, na kwa safari za Marekani kifaa kisichowaka kinaweza kukataliwa.

Hatua ya 6: Intaneti bila kumaliza bando

Hotspot ya simu ndiyo njia salama na ya uhakika kuliko Wi-Fi ya hoteli. Bora zaidi, unganisha simu kwa waya: kwenye Android fungua mipangilio ya hotspot, uwashe USB tethering. Simu haipati moto, inachajiwa hapohapo, na mawasiliano hayakatikikatiki. iPhone huhitaji programu ya Apple iwekwe kwanza kwenye Windows, ifanye hiyo nyumbani.

Halafu iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa ujazo. Settings, Network & internet, chagua mtandao, uwashe Metered connection. Masasisho makubwa yatasubiri. Simamisha OneDrive pia, na kwenye mkutano wa video zima kamera pale isipohitajika, maana mkutano wa video unaweza kula karibu GB 1 kwa saa na sauti peke yake ni sehemu ndogo tu ya hapo.

Ukilazimika kutumia Wi-Fi ya hoteli na ukurasa wa kuingilia haufunguki, mara nyingi ni VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwa njia ya siri) inauzuia. Zima VPN, andika neverssl.com kwenye kivinjari, ukurasa utatokea, ingia, kisha washa VPN upya. Kwa walioko Tanzania, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ilitoa agizo kwamba watu na taasisi wanaohitaji VPN kwa kazi zao watoe taarifa zake, kwa hiyo VPN ya ofisi iwe imeandikishwa na mwajiri. Wanaokwenda Dubai au Muscat kufuata mizigo wajue simu za WhatsApp kule zinaweza kuzuiwa, ukapita ujumbe tu. Mpange mapema na aliye nyumbani mtakutana Teams au Zoom.

Chumba cha mkutano

Beba adapta mbili: USB-C kwenda HDMI, na HDMI kwenda VGA. Ofisi nyingi za halmashauri na kumbi za mikoani bado zina projekta za VGA, tundu la bluu lenye pini 15. VGA haibebi sauti, kwa hiyo video yako itahitaji spika. Chomeka kwanza, washa projekta, kisha bonyeza alama ya Windows pamoja na P na uchague Duplicate. Maandishi yakikatwa pembeni, shusha skrini hadi 1024 kwa 768. Fanya haya dakika ishirini kabla ya watu kuingia.

Mambo yakiharibika

Chai ikimwagika kwenye kibodi: chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, toa betri ya nje kama ipo. Kwa ThinkPad zenye matundu ya kumwagia maji chini ya kibodi, usiigeuze kichwa chini. Maji yametengenezewa njia ya kushuka na kutoka, ukiigeuza unayapeleka kwenye skrini na ubao mkuu. Kufukia mashine kwenye mchele hakusaidii, na vumbi la mchele linaingia kwenye feni. Chai ya maziwa na sukari isiachwe ikauke humo, mpelekee fundi aifungue siku hiyohiyo.

Haiwaki kabisa baada ya umeme kutetereka: chomoa chaja na betri ya nje. Chini ya T480 kuna kitundu kidogo cha kuiamsha upya, kibonyeze kwa pini ya karatasi iliyonyooshwa, subiri dakika moja, chomeka chaja, washa. Kwa Dell na HP shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 chaja ikiwa imetolewa. Njia hii hufufua mashine nyingi zinazodhaniwa zimekufa.

Padi ya kipanya imeinuka au mfuniko haukai sawa: betri imevimba. Zima, usichaji tena, usiitoboe, na usipande nayo ndege.

Feni inalia na mashine ni ya moto hata ukiandika barua tu: vumbi. Fungua mfuniko wa chini, zuia mabawa ya feni kwa kijiti cha meno yasizunguke, puliza kwa kopo la hewa au brashi laini. Ukiacha feni izunguke kwa upepo wa kompresa, unaharibu beringi zake.

Ikiibwa: chukua simu au kompyuta ya mtu unayemwamini. Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kwa kuwa ndiyo inayofungua nyingine zote, na uchague kutoka kwenye vifaa vyote. Kisha benki, kisha akaunti za kazi. Mjulishe mwajiri saa hiyohiyo. Nenda polisi na namba ya utambulisho uliyoiandika, upate taarifa ya upotevu, au kwa Kenya ile karatasi ya abstract, bila hiyo bima na forodha hawatakusikiliza. Ingia kwenye akaunti ya Microsoft, sehemu ya Devices, uifunge kwa Find my device kama uliiwasha. BitLocker ikiwa ilikuwa imewashwa na mashine ilikuwa Hibernate, aliyeichukua ana chuma na skrini tu.